Siku Waithira Alipofuata Moto

Mke wangu Waithira tulimzika mwezi uliopita. Wajukuu wanamjua kama cucu, bibi wa kuota jua tu. Mimi nitasema ile siku tulihamia hapa.

Tulikuwa vibarua wa mzungu huko Njoro. Mwaka wa hamsini na tatu tukapakiwa kwa treni, tukarudishwa Thika na blanketi mbili. Tukakaa miaka minne katika kijiji cha Emajensi, serikali ilikotukusanya wakati wa Mau Mau, nyumba moja na ndugu yangu Gachanja. Nilichuma kahawa Ruiru. Hamsini na saba mashamba yakapimwa upya, nikapewa ekari tatu huku chini karibu na mto Chania. Palikuwa na mawe na nyasi ya kukata mikono.

Tukaja mwezi wa nne, na mtoto wetu Wangeci, miaka miwili. Alikuwa na kikohozi.

Kwetu nyumba mpya hujengwa siku moja, na moto wake hutolewa nyumba ya zamani. Moto wa kiberiti hapana. Baba yangu alisema nyumba kama hiyo haikai watu.

Saa tisa tulikuwa tumeezeka. Waithira akarudi kutoka kwa Gachanja, mwendo wa saa moja, amebeba makaa kwa kigae cha chungu. Mvua ilikuwa imemkuta njiani, na mtoto mgongoni. Makaa yamezima.

Ndung'u, aliyepewa shamba la jirani, alikuwa amekuja kutusaidia. Akatoa kiberiti.

"Washa, mzee. Ama moto wenu unangoja treni?"

Watu wakacheka. Nikakataa.

"Baba Wangeci," Waithira akasema, "mtoto amelowa. Mshike uone."

"Rudi kwa Gachanja."

"Mara ya pili? Na huyu?"

"Nitakaa naye."

"Utampasha joto na nini? Na maneno ya baba yako?"

Akavua leso yake, akamfunika mtoto, akaenda na mvua.

Watu wakaenda kwao. Ndung'u aliacha kiberiti juu ya jiwe, ndani ya mlango. Nyasi mpya ilikuwa inavuja. Nilimshika Wangeci kifuani, nikasikia anavyovuta pumzi. Kile kiberiti nilikiona. Ningekifikia kwa mkono.

Waithira alifika giza likiingia. Safari hii alifunika makaa kwa sufuria ya Gachanja. Akawasha. Moto ukashika vizuri, lakini mtoto hakupata joto. Siku ya pili nikambeba kumpeleka hospitali Thika. Hatukufika.

Tulimzika hapo juu, penye jiwe kubwa. Waithira alichimba na mimi. Kesho yake akachukua mbegu ya maharagwe.

"Leo?" nikamuuliza.

"Mvua haitatungoja."

Akapanda mpaka mwisho wa shamba. Nilikuwa nyuma yake, nafukia.

Alizaa wengine watano hapa, wote wakapona. Shamba lilitulisha. Miaka yote nilingoja aniulize kwa nini sikuwasha. Hakuniuliza.