Siku Niliyomwacha Baba Njiani Kwenda Ziwani

Mwanangu, kuna siku moja ya kiangazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya, ingawa niliyemkosea alinisamehe siku ileile. Nitakusimulia yote, hata sehemu ile inayoniaibisha, maana ndiyo hasa inayokuhusu wewe unayeanza kuwapangia watoto wako likizo.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Tulikaa Rugerero, nje kidogo ya mji wa Gisenyi, Rwanda, mimi na mke wangu Furaha, ambaye kwao ni Goma, ng'ambo ya mpaka, pamoja na watoto wetu wawili, Aline wa miaka minane na Eric wa mitano. Baba yangu tulikuwa naye nyumbani. Yeye alizaliwa hukuhuku Gisenyi, akaondoka akiwa mtoto wa miaka kumi na wazazi wake, wakaenda kuishi Tanzania. Karagwe ndiko alikooa, ndiko nilikozaliwa mimi, na ndiko ng'ombe alikompiga teke la nyonga lililomfanya achechemee maisha yake yote. Tuliporudi Rwanda kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za utoto wake alijibu tu, "Tulikuwa watoto, tulicheza," kisha akaendelea na shughuli zake.

Mimi nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini, na kazi ile ilinizoesha vibaya. Kutwa nilitazama saa ya ukutani. Hata nyumbani nilikula haraka, nikawaogesha watoto haraka, nikasali haraka. Furaha alikuwa akinicheka, siku nyingine akinung'unika.

Mwezi wa saba shule zilipofungwa, mwenzangu mmoja kazini alitupatia nafasi katika boti ya injini iliyokuwa ikipeleka familia chache kwenye chemchemi za maji moto. Boti ilikuwa iondoke saa nne kamili asubuhi. Niliporudi na habari hiyo watoto waliruka kwa furaha, na baba, ambaye kwa kawaida hakuomba kitu, akasema, "Na mimi nitakuja. Lakini nataka nitelemke kwa miguu. Njia ile naijua."

Nilimwambia tupande pikipiki. Akakataa, kwa upole lakini akakataa. Basi tukaondoka mapema, Furaha na kapu la viazi na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga, mimi nimembeba Eric mabegani, baba na fimbo yake, Aline akiwa amemshika mkono.

Mwanangu, baba alisimama kila mahali. Alisimama mbele ya shamba la maharage akalitazama kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Alisimama akasalimiana na mzee mmoja, wakaulizana kwao ni kwa nani na kwa nani. Alisimama akamwonyesha Aline jani moja la porini, akamwambia walikuwa wakilisugua mikononi litoe harufu. Vumbi lilikuwa jingi, jua linapanda, na mimi nilikuwa naitazama saa yangu. Saa tatu na robo tulikuwa hata nusu ya njia hatujafika.

Tulipofika penye kibanda cha mama mmoja aliyeuza ndizi mbivu kando ya barabara, uvumilivu wangu ukaisha. Nikachukua stuli ya yule mama, nikaiweka kivulini.

"Baba, kaa hapa," nikamwambia. "Unatuchelewesha. Tutakupitia tukirudi."

Sikupaza sauti. Lakini nililisema lile neno, unatuchelewesha, mbele ya mke wangu na mbele ya watoto. Baba aliitazama ile stuli, akakaa. "Sawa," akasema.

Aline hakutaka kumwachia mkono. "Papa, Babu amesema kuna kitu atanionyesha kwenye maji."

"Atakuonyesha siku nyingine."

Furaha alinitazama, akainua kapu lake. Nikasimamisha pikipiki mbili, tukaondoka.

Boti tuliiwahi. Nataka nikuambie ukweli, siku haikuwa mbaya. Ziwa lilikuwa limetulia, volkano ya Nyiragongo ilionekana na moshi wake juu, watoto walitia miguu kwenye maji ya moto wakapiga kelele. Lakini Aline alikuwa akiuliza kila mara, "Babu amekula?" Nilipofungua kapu nikakuta viazi vyote tumekuja navyo sisi. Hata kimoja hatukumwachia. Nikalifunika kapu.

Saa tisa tulikuwa tumerudi kwenye kile kibanda. Stuli ilikuwa tupu.

Yule mama alikuwa akipanga ndizi zake. Hakuinua macho mara moja.

"We kijana," akasema kwa Kiswahili chake cha Goma, "ile muzee uliacha hapa ni nani yako?"

"Ni baba yangu, mama."

"Bon. Mi nilizani ni mutu mulikutana naye tu mu njia." Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Alikaa kidogo sana. Akaniuliza ku ziwa ni mbali? Nikamwambia, kwa ile miguu yako, muzee, ni mbali. Akasema, basi acha nianze sasa. Nikamupa ndizi mbili, akaenda."

"Saa ngapi, mama?"

"Tangu asubui. Mulikuwa hata hamujafika mbali." Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Sikiliza, mutoto yangu. Kama mutu anakushinda kubeba, unaomba watu wakusaidie. We hukuomba mutu. Ulimuweka hapa sawa muzigo, ukaenda kutembea. Na bibi yako huyu, mama ya batoto, anaona, na batoto banaona."

Furaha alikuwa tayari amemshika Eric mkono anatelemka, nami nikamfuata mbio na Aline. Njia nzima niliuliza watu kama wamemwona mzee mwenye fimbo, anayechechemea. Wengine walisema ndiyo, zamani. Wengine hawakumwona. Nilitazama kwenye mitaro. Nilitazama chini ya kila mti, nikidhani nitamkuta amelala chini.

Tukafika ufukweni, mbali kidogo na mahoteli, mahali penye mawe meusi ambapo wanawake hufua. Na hapo juu ya jiwe tukaona fimbo ya baba. Pembeni yake kulikuwa na viatu vyake, na shati lake limekunjwa vizuri kama alivyolikunja siku zote. Mtu mwenyewe hakuwepo.

Mwanangu, sitaki ujue siku moja jinsi nilivyojisikia pale. Nilipiga kelele, sijui niliita nini. Mimi sikujua kuogelea wakati huo. Kule nilikokulia maji tuliyajua ya kisima na ya kunyweshea ng'ombe. Lakini niliingia ziwani na nguo zangu na viatu vyangu mpaka maji yakanifika kifuani, nikawa nageuka huku na huku.

Ni Aline aliyemwona. "Babu yule!"

Alikuwa upande wa kulia, nyuma ya jiwe kubwa, amelala chali juu ya maji. Macho amefumba, mikono ameitandaza, ndevu nyeupe zinaelekea angani. Yule mtu ambaye nchi kavu kila hatua ilimuuma, pale hakuonekana kuwa na nyonga wala miaka. Alisikia sauti ya Aline, akafumbua jicho moja, akatutazama.

"Mmechelewa," akasema.

Furaha alikaa chini juu ya mawe akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilimfuata baba kwa kupapasa chini kwa vidole vya miguu.

"Baba, hukuwahi kutuambia kwamba unajua kuogelea."

"Hamkuwahi kuuliza. Nilifundishwa hapahapa na baba yangu. Nilitaka kumwonyesha Aline. Nimekaa na jambo hili tangu niko mtoto, nikisema nikirudi nitamwonyesha mtu." Akayapangusa maji machoni. "Nilidhani ningekuonyesha wewe kwanza, lakini wewe una kazi nyingi."

Nikaanza kusema, "Baba, nisamehe, leo asubuhi nime..."

"Nyamaza kwanza. Ukiongea utakunywa maji. Lala."

"Nilale wapi?"

"Hapa, mkononi mwangu."

Basi mimi, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, mfanyakazi wa hoteli na shati langu la kola, nililala chali kwenye kiganja cha baba yangu kama mtoto anayeogeshwa. Nilijikaza mwili mzima. "Legeza shingo," akasema. "Maji hayana ugomvi na wewe. Legeza." Nilihisi kiganja chake mgongoni, kigumu, cha mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Sijui kilikaa pale muda gani. Nilipokuja kustuka, sikukihisi tena, na nilikuwa naelea.

Jua lilikuwa linashuka baba alipomaliza kumfundisha Aline naye kuelea. Eric alikuwa amelala juu ya kitenge cha mama yake. Baba alikula viazi vyote vilivyobaki, hakulalamika kwamba vimepoa. Nilimvisha viatu vyake mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na hapo nikamwomba msamaha tena, sasa sauti ikatoka. Akanipiga kofi dogo la shavu, lile la kumpenda mtu. "Ulirudi," akasema. Habari hiyo hatukuizungumzia tena.

Imana, yaani Mungu, alimwachia baba viangazi vinne baada ya pale. Kila kiangazi tulitelemka kwa miguu, siku nzima, bila boti, bila saa mkononi mwangu. Yule mama wa ndizi tulimpitia kila mara, na baba akawa anamtania kwamba ndiye aliyemtorosha. Katika safari zile ndimo nilimojua nyumba ya bibi yangu ilikuwa upande gani, jina la mbwa wao, na wimbo waliouimba wakichota maji. Baba alifariki kitandani kwake wakati wa mvua, Aline amemshika mkono.

Sasa neno langu ndilo hili, mwanangu. Ukiwatoa watu wako kwenda kutembea, mwendo wa kuufuata ni wa yule anayechoka kwanza. Kama boti itaondoka, iondoke. Na kabla hamjatoka, muulize mzee wako anataka kufanya nini huko mnakokwenda, umwulize na usubiri ajibu, maana wengine wameliweka jambo moyoni miaka hamsini wakingoja mtu wa kuwauliza. Na ikitokea umekosea kama nilivyokosea mimi, rudi siku ileile. Usingoje kesho upate maneno mazuri.

Imana akupe njia pana na watu wa kutembea nao. Wazee wako wafike wakicheka, watoto wako wajifunze kwa mikono yao, na kila mtakapotoka nyumbani, mrudi jioni mkiwa watu walewale, idadi ileile, mmechoka na mna furaha.