Wiki Tatu za Herufi Moja

Awuor aliimba miaka kumi na mmoja juu ya lori. Lori lilikuwa la mfanyabiashara wa majani ya chai, na kazi ya Awuor ilikuwa kusimama nyuma ya lori hilo siku za soko, kuanzia Kisumu mpaka Naivasha, akiimba sifa za chai huku mwenzake Odero akipiga akodioni. Watu walisimama, wakasikiliza, wakapewa kikombe cha bure, wakaenda zao. Alikuwa na sauti nzito isiyohitaji kipaza sauti, na vumbi katika kila kitu alichokuwa nacho, hata ndani ya Biblia. Mwaka wa 1957 alikuwa na miaka thelathini na tisa na alikuwa amelichoka lori.

Ndiyo maana alikubali kuja kutufundisha, na Odero akaja naye. Likizo ya Agosti mwaka ule, ofisi ya maendeleo ilikusanya watoto arobaini kutoka shule za mashambani, Subukia, Dundori na Kabazi, ikatuweka katika jumba la mikutano mjini Nakuru kwa wiki tatu tujifunze mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Tulilala kwenye magunia yaliyojazwa nyasi, wasichana upande mmoja na wavulana upande wa pili. Kibali cha kutukusanya kilibandikwa mlangoni, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari na kila mkutano ulihitaji ruhusa. Bwana Hallam, mzungu wa ofisi ile, alimwahidi Awuor jambo moja: mchezo ukienda vizuri siku ya mwisho mbele ya wageni, atapata kazi ya kudumu ya kufundisha nyimbo, pamoja na nyumba ya vyumba viwili lokesheni, mtaa wa Waafrika. Vyumba viwili. Awuor alikuwa akiyataja maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mchezo aliutunga mwenyewe. Familia inakimbia ukame, ng'ombe wao wa mwisho anawafia njiani, kisha wanafika kwenye bonde lenye maji na kuanza upya. Ofisi ilitaka liwemo somo la choo, kwa hiyo choo kikachimbwa katika onyesho la tatu. Lakini moyo wa mchezo ulikuwa pale ng'ombe anapokufa. Mama anasimama katikati ya barabara na kuimba, "Mahali yetu iko wapi?" na watoto wote wanaitikia maneno hayohayo.

Gachanja, karani wa ofisi aliyewahi kusoma Mombasa, alimwambia kwamba Kiswahili safi ni "mahali petu pako wapi".

"Bwana karani," Awuor akamjibu, "mama huyu ng'ombe wake amekufa sasa hivi. Hana nafasi ya sarufi."

Sehemu ya mama alipewa Wariara, msichana wa Dundori mwenye miaka kumi na minne. Siku ya kwanza alipofungua kinywa, sote tuligeuka kumtazama, maana hatukujua kwamba sauti ile ilikuwa ndani ya mtu tunayekula naye uji. Iliposhuka kwenye maneno yenyewe, ilisikika hivi: "Mahari yetu iko wapi?"

Odero akaacha kupiga. Alijifunika uso kwa akodioni, mabega yakimtikisika.

"Rudia," Awuor akasema.

"Mahari yetu iko wapi?"

"Ng'ombe amekufa! Watoto wanalia! Na wewe unasimama barabarani kudai mahari?"

"Nimesema mahari, Mwarimu," Wariara akasema kwa unyenyekevu, na kweli ndivyo alivyosema.

Wengi wetu tulikuwa Wakikuyu, na lugha yetu haina l. Ulimi wetu ukiikuta huigeuza r bila kutuomba ruhusa. Awuor alipotuagiza tuitikie sote, sauti thelathini na zaidi zilidai mahari kwa nguvu, na sauti tano au sita za watoto wa Kikalenjin zikasema mahali katikati yetu, zikapotea.

Hapo ndipo zilipoanza zile wiki tatu. Kila asubuhi, kabla ya uji, tulisimama mistari minne tukisema la, le, li, lo, lu. Tulipata ra, re, ri, ro, ru. Awuor alitugawia punje za mahindi, kila mtu moja, tuiweke nyuma ya meno ya juu na kuishikilia kwa ncha ya ulimi, maana hapo ndipo l inapokaa. Ilikuwa mbinu nzuri, ila tulikuwa na njaa.

"Thuo, punje yako iko wapi?"

Thuo akameza mate. "Imeshuka, Mwarimu."

"Yenyewe tu?"

"Amekula l yake!" Chelagat akapiga kelele, na jumba zima likacheka. Chelagat, mmoja wa wale watoto wa Kikalenjin, alitoka upande wa Subukia, na l ilimtoka bila taabu yoyote, jambo ambalo hakutuacha tulisahau. Siku moja alimwambia Wariara, "Wewe jina lako mwenyewe lina r mbili. L utaitoa wapi, dukani?"

"Nitaazima kwa Mwarimu," Wariara akasema, "nimpe sh."

Tuliogopa kucheka, kisha tukacheka. Awuor alikuwa Mjaluo wa Alego, na sh haikuwamo katika maongezi yake. Akiimba ilitoka safi kabisa, mashamba na mashaka na kila kitu. Akikasirika ilipotea, na kwetu alikuwa amekasirika tangu asubuhi mpaka jioni. Alituambia tusike masairi, tusimame kama watu wa samba wanaongoja mvua isuke.

"Wariara," akasema, "njoo hapa mbele."

"Nimefika, Mwarimu."

"Unanicheka?"

"Hapana, Mwarimu. Nasema tu nitasema mahari vizuri siku utakaposema shamba."

Awuor akavuta pumzi. Tulimwona akiutafuta ulimi wake mwenyewe, akiuweka mahali pake. "Samba," akasema.

Odero alilazimika kutoka nje. Awuor alitutazama sote arobaini, mmoja mmoja, kisha akaketi kwenye benchi na kusema kwamba yeye aliimbia ng'ombe na walevi na mnada wa mbuzi, na hakuna aliyewahi kumchosha kama sisi.

Wiki ya pili Bwana Hallam alikuja kutazama mazoezi, na Gachanja pembeni yake akimfasiria. Tulipofika kwenye ng'ombe tukadai mahari kama kawaida. Bwana Hallam akauliza wanasema nini. Gachanja, mtu wa kufasiri kile anachosikia, akamwambia kwamba wanauliza mahari iko wapi. Mzungu akacheka mpaka akavua miwani.

"Muzuri sana!" akamwambia Awuor kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Mchezo ya kuchekesha. Ng'ombe nakufa, mahari napotea, baba nalia! Mimi naleta wageni mingi, naleta memsahib yangu. Halafu sisi nasema maneno ya kazi."

Mzungu alipoondoka, Odero alimsogelea Awuor, akamwita kwa Kijaluo binti wa Alego. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikishona vifungo, na hawakuniona.

"Nyar Alego, umesikia? Liache neno hilo kama lilivyo. Mzungu amelipenda."

"Si neno langu."

"Neno lako au la nani, lina vyumba viwili ndani yake."

"Odero, umenijua miaka kumi na mmoja. Nimewahi kukuacha upige noti mbovu kwa sababu mlevi mmoja ameipenda?"

"Hapana," Odero akasema kwa huzuni. "Hujawahi."

Siku zilizobaki Awuor alikuwa kama mtu anayeng'oa kisiki. Alimpa Chelagat kazi ya kuketi na Wariara kila baada ya chakula, magoti kwa magoti, na wale wawili waliokuwa hawapatani walitoka pale jioni wakiwa wamekauka makoo. Sisi wengine tulikatazwa kusema neno lolote lenye l isipokuwa tulisema sawasawa, kwa hiyo chakula cha mchana kilipita kimyakimya. Thuo hakuruhusiwa kwenda kulala mpaka aseme kulala. Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya onyesho, Wariara aliimba ubeti wote na neno lile likatoka wazi. Awuor hakumsifu. Alimwambia arudie mara ishirini, naye akarudia, na mara zote ishirini lilikuwa mahali. Mara ya mwisho Awuor aligeuka ukutani.

Jumamosi alasiri jumba lilijaa. Mbele walikaa wazungu wa ofisi na wenye mashamba na wake zao, nyuma yao makarani na walimu, na mwisho kabisa, wamesimama, wazazi waliopata ruhusa ya kusafiri. Baba yake Wariara alikuwa mmoja wao, na pasi yake mfukoni mwa koti. Ng'ombe alikufa vizuri. Wariara alitembea mpaka katikati ya jukwaa, Odero akafungua akodioni, na msichana yule akaimba.

"Mahali yetu iko wapi?"

Tukaitikia sote, mistari minne, ndimi zote nyuma ya meno. Sijawahi kusikia neno safi namna ile. Ilikuwa ni nchi ile, miaka ile, na watoto wa wafanyakazi wa mashamba walikuwa wamesimama mbele ya wenye mashamba, wakiwauliza kwa l safi mahali pao pako wapi. Sisi hatukulifikiria. Tulikuwa tunafikiria meno. Awuor pia, aliniambia baadaye, hakuwa amefikiria chochote ila mama na ng'ombe.

Waliosimama nyuma walifikiria. Kibwagizo kilipokuja mara ya pili, wakaimba nasi. Wao hawakuwa wamefundishwa na Awuor. Walisema mahari, sauti nzitonzito za wanaume, lakini hakuna mtu katika jumba lile aliyedhani wanataka mahari.

Bwana Hallam alingoja mpaka choo kikachimbwa na watu wakapiga makofi. Kisha akaja nyuma ya jukwaa pamoja na Gachanja, uso mwekundu.

"Watoto naimba nini?" akauliza. "Ile siku naimba mahari. Leo naimba nini?"

Odero alikuwa nyuma ya mzungu, akimwambia Awuor kwa midomo tu, bila sauti: mahari, mahari, mahari. Hata Gachanja akasema polepole, "Labda ni mahari bado, bwana. Watoto wa huku hawawezi l." Alikuwa anamfungulia mlango. Awuor alihitaji tu kuitikia kwa kichwa.

Sisi tulisimama pale na majivu ya maonyesho usoni. Wariara alikuwa bado anahema.

Awuor alimtazama karani. "Hawawezi l?" akasema. "Nani hawezi l?" Kisha akamgeukia Bwana Hallam, na kwa hasira yote ya wiki tatu akamwambia, "Leo wameimba mahali, bwana. Ile siku walikosea. Nimewafundisa mimi, na wamesema sawasawa, wote arobaini."

Bwana Hallam alifunga kitabu chake kidogo. Hakugomba. Alisema asante, na kwamba ofisi itamwandikia, na sote tulielewa kwamba haitamwandikia.

Alipotoka, Odero alikaa chini juu ya ng'ombe, ambaye alikuwa gunia na viti viwili. "Neno moja," akasema. "Ungeacha neno moja tu lipite."

"Nyamaza, Odero."

Wariara akasogea, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, tumekosea?"

"Ubeti wa tatu mliingia mapema," Awuor akasema. "Mlikuwa kama mbuzi wanaogombea lango. Lile neno mlilisema vizuri. Sasa vueni nguo za watu mzikunje, nimechoka nanyi."

Jumatatu lori la chai lilikuja kuwachukua Awuor na Odero. Kumbe Awuor alikuwa amekwisha kununua kitanda, cha mbao, kipya, kwa ajili ya ile nyumba, na hakutaka kukiacha. Dereva alisema lori ni la chai, si la fanicha. Odero alisema kitanda kikipanda, yeye atashuka. Kilipandishwa, miguu juu, katikati ya masanduku, na Odero hakushuka. Walikuwa bado wanabishana jinsi ya kukifunga kamba lori lilipoanza kupanda barabara ya Molo, naye Awuor amesimama nyuma, mkono mmoja umeshika mguu wa kitanda, akimfokea dereva aende polepole.