Meza ya Bibi Mazu Mlangoni kwa Lim

Wageni wanaofanya kazi zao kwa kompyuta tumewazoea hapa mjini Tainan. Hupanga chumba, hushinda mkahawani na kikombe kimoja cha kahawa, huwapiga picha paka wetu, kisha viza ikiisha haoo, wamehamia nchi nyingine. Ilze hakuwa wa aina hiyo. Alitoka Latvia, alichora picha za vitabu vya watoto kwa wachapishaji wa kwao, na alikuwa amepanga chumba cha juu kwa mama Lim Siu-kim, mjane mwenye ulimi mkali. Kila muda wake wa kukaa ulipokwisha, alitoka nchini akarudi chumba kilekile. Alijua kumenya vitunguu saumu akiwa amechuchumaa kama sisi, na kutaniwa bila kununa. Mtu wa hivyo utaachaje kumpenda?

"Unachora sungura kutwa kucha," mama Lim alikuwa akimwambia. "Utaolewa na sungura wewe."

"Akiwa na nyumba yake, mama, namkubali."

Mwaka huu mchapishaji mmoja alitaka kumpa mfululizo mzima wa vitabu. Kwa mkataba ule angeweza kuomba kibali cha kukaa muda mrefu, aachane na habari za kutoka na kuingia. Kilichobaki ni mazungumzo ya video na mhariri mkuu, saa tisa alasiri, siku ileile ambayo Bibi Mazu, mungu wetu wa bahari, angetembezwa mtaani kwetu juu ya kiti chake cha kubebwa. Tangazo la hekalu lilisema angepita asubuhi, na Ilze akaliamini. Hapo ndipo ugeni wake ulipoonekana, maana miungu yetu haijawahi kufika kwa wakati.

Mama Lim mwenyewe alikuwa hospitali, amevunjika nyonga. Tangu aolewe, mlango wake haujawahi kukosa meza siku hiyo: matunda, chai, udi, na fataki za kulipuliwa kiti cha mungu kikikaribia. Penye meza, wabebaji husimama na kukiinamisha kiti kuibariki nyumba. Pasipo na meza, hupita tu.

"Achana nayo," mama Lim alimwambia kutoka kitandani. "Wewe ni mpangaji. Bibi Mazu ataelewa." Kisha akageukia ukutani, yeye ambaye hakuna anayemshinda kwa maneno.

Asubuhi Ilze akapanga meza, mapera yakiwa mbele, akasimama mlangoni. Adhuhuri ikafika, mungu hajaonekana.

"We binti," jirani yake, mama Guo, alimcheka kutoka kwenye meza yake mwenyewe, "kwani Bibi Mazu ni treni?"

Saa tisa ilipofika, Ilze akapanda juu. Mhariri hakuwa mtu wa kutabasamu. Walikuwa ndio wameanza kuzungumzia masharti, ngoma zikalia mwanzo wa kichochoro.

"Naomba unisubiri kidogo," Ilze alisema.

"Bibi, wachoraji wengine wananisubiri. Tumalize kwanza."

"Ilze!" mama Guo akapaza sauti chini. "Udi wenu umezimika! Shuka!"

Akamtazama mhariri. "Niwie radhi," alisema, akashuka mbio, pekupeku.

Moshi wa fataki ulijaa kichochoro kizima. Wabebaji walifika wakihema, taulo shingoni, wakamkuta Mzungu amepiga magoti na udi mkononi.

"Hapa si kwa Lim?" mmoja akauliza.

"Ni kwa Lim," akajibu.

Kiti kikainama mara tatu mbele yake. Tulimwonea fahari siku ile, nasema wazi, kama vile ni sisi tuliomzaa.

Aliporudi juu, mhariri alikuwa amekata mazungumzo. Jioni ukaja ujumbe kwamba kazi amepewa mwingine.

Hospitalini alimkuta mama Lim na simu mkononi. Mama Guo alikuwa ameshamtumia video.

"Na kazi yako?"

"Imekwenda, mama."

"Mjinga wewe! Si nilikwambia uache?" Mama Lim akalia kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka. Alipotulia alisema, "Daktari anasema sitaweza tena kupiga magoti. Mwakani nani atapanga meza?"

Ilze hakuwa na mkataba wala kibali, na muda wake ulikuwa unaishia.

"Mimi," alisema.

Mama Lim akajifuta macho kwa shuka.

"Basi usiweke tena mapera," alisema. "Bibi Mazu hawekewi mapera."