Rubani Aliyeshuka Mlimani kwa Miguu

Sikuombi uamini, ila nakuomba usicheke. Mdogo wangu Anyosisye yumo kaburini kule Ikolo, na haya ninayokwambia yametokea kweli.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, wawekezaji wanafika hadi kwetu Kyela. Mmoja alitaka kujenga hoteli ya watalii ufukweni mwa ziwa, akaja na kindege cha ajabu: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, hakina mlango wala paa, na juu yake panga refu linazunguka. Watu wakakiita Pangaboi. Rubani wake, Daudi, alikuwa kijana wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, kwa hiyo lugha yetu ilikuwa yake. Alikuwa akila kwenye mgahawa wangu pale Mwaya. Mpole, tena mcheshi.

"Dada, juu ya mpunga hiki ni kama baiskeli," aliniambia siku moja akichambua samaki. "Lakini ile milima siipendi. Upepo unashuka ghafla, kama mtu anakukanyaga kichwani. Na huna pa kutua."

Sasa kama huipendi, kwa nini uende? Mwajiri wake alitaka picha za maporomoko ya maji. Anyosisye aliyajua mabonde yale, akapewa kiti cha nyuma ili amwonyeshe njia. Waliondoka asubuhi, jua linawaka. Hawajakaa sana, ukungu ukafunika mlima wote, na watu wa Matema, pale chini, wakasikia injini inakohoa, kisha kimya.

Habari ilipotufikia tulipanda pikapu mpaka Matema. Wanaume wakatangulia mlimani, shemeji yangu akiwaongoza. Wakaniambia nibaki. Nibaki vipi, na aliyeko juu ni mtoto wa mama yangu? Nilichukua blanketi na chupa ya chai, nikawafuata.

Mvua ilikuwa inanyesha. Njia ile ni moja tu, nyembamba, mkono huu jabali, mkono huu korongo. Nikaona mtu anashuka kwa haraka. Daudi! Niamini, nilimwona kama ninavyokuona wewe. Nilitaka kumkumbatia, nikasita. Shati lake lilikuwa kavu. Mvua yote ile, na shati kavu!

"Mugonile, dada," akanisalimu kwa lugha yetu, kwa heshima kama siku zote.

"Mugonile. Daudi, Anyosisye yuko wapi?"

"Juu ya maporomoko, kwenye mianzi. Nimemwacha anapumua. Naenda kutafuta gari la kumbeba."

"Na wewe umeumia?"

"Mimi sina neno. Kimbia, dada, ana baridi."

Akanipita. Nilipogeuka, ukungu ulikuwa umeshamfunika. Nikakimbia.

Niliwakuta wanaume wamesimama, wanabishana kama warudi.

"Yuko kwenye mianzi, juu ya maporomoko!" nikapiga kelele. "Daudi kaniambia!"

Shemeji akanitazama. "Daudi yupi? Njia ni hii hii. Sisi hatujapishana na mtu."

Hata hivyo tulipanda. Pangaboi kilikuwa kimenasa kwenye mianzi, panga limekatika. Kwenye kiti cha mbele alikuwemo Daudi, amefungwa mikanda yake, kifua kimepondeka. Shemeji alimshika mkono, akauachia haraka. Ulikuwa umeshakakamaa.

Anyosisye alikuwa hai. Nilimfunika blanketi, akafungua macho.

"Umekuja," akasema. "Daudi aliniambia anakwenda kukuita."

Tukamfunga kwenye machela ya mianzi. Nilimshika mkono njia nzima, nikimwimbia nyimbo za nyumbani. Alikata roho taa za Matema zinaonekana.

Ungedhani yameishia hapo. Mwaka uliofuata, akina mama wanaoteremka na kuni walianza kusimulia kwamba kwenye ukungu hukutana na kijana mwenye shati kavu, anawauliza kama mgonjwa wake amepona. Wengi walikimbia. Mimi nilipanda kumtafuta. Nilitaka apumzike, maskini, hakuwa na kosa.

Nilimkuta palepale. "Dada, amepona?"

Ningesemaje? "Amepona," nikamwambia. "Ameoa, ana mtoto."

Akatabasamu, akanishukuru: "Ndaga fijo." Kisha tabasamu likamtoka taratibu. "Sasa mbona hajaja kunisalimu?"

Nikageuka, nikashuka mbio. Mgahawa niliufunga, nikahamia Katumba Songwe, ambako mlima unauona kwa mbali tu, na siku za ukungu siuoni kabisa. Injini yoyote ikikohoa angani, naingia ndani, nafunga mlango.

Wewe ukipita kule na ukungu ukakukuta, kaa chini usubiri uondoke. Ukikutana naye, mwambie mgonjwa wake amepona, kisha ondoka upesi. Usisubiri akuulize swali la pili.