Tawi Linalosubiri Kusomwa

Mwenzangu alikuwa Iringa, mimi Mbeya, kwenye chumba juu ya duka la vitenge pale Mwanjelwa. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kupanga zamu za maji kwa wakulima wa mpunga wa Madibira. Kila mmoja alifanya kazi kwenye tawi lake, nakala ya pembeni ya programu, na kazi hiyo haikuingia kwenye shina, nakala kuu wanayotumia wakulima, mpaka mwingine aisome na kuikubali. Sheria hiyo aliiweka yeye, akaifunga kabisa kwenye mfumo ili nisije nikaikwepa.

Alikuwa anakera. Unamaliza kazi umechoka, unamtumia, anakujibu neno moja: "Rudia." Hasemi wapi. Nilikuwa namtukana peke yangu chumbani, halafu naliona kosa.

Kisha mwenzangu akafa, tukamzika kwao Nyololo, kwenye baridi na ukungu. Niliporudi Mbeya nikakuta wakulima wanalalamika kwamba zamu zinagongana. Nikarekebisha kwenye tawi langu, nikataka kuliunganisha na shina. Kompyuta ikaniambia kazi inasubiri kusomwa, na chini yake pameandikwa jina lake.

Nilikaa nikilitazama lile jina kama mjinga. Mwishowe nikaingia kwenye mipangilio, nikaizima sheria yake. Kazi ikaingia kwenye shina palepale, bila ubishi wowote.

Wakulima walipiga simu kushukuru. Niliwaitikia vizuri, nikakata, nikabaki nasubiri mtu aniambie nirudie.