Upepo wa Mzee Kazungu

Kazi ya Jedida Kahonzi ni kuchunguza majengo yaliyoangushwa na dhoruba. Amekuwa mhandisi kwa miaka kumi na minane, lakini mamake huwaambia majirani kuwa bintiye huokota mabati.

Mwezi wa Aprili aliitwa kijijini Marafa. Upepo wa mvua ulikuwa umeng'oa paa la ukumbi wa kina mama, mwezi mmoja tu baada ya makuti kuondolewa na kuwekwa mabati. Alikuta uchunguzi umekwisha kamilika bila yeye.

"Ni Kazungu," alisema Ngowa, mwenyekiti wa ukumbi. "Hakualikwa pilau ya ufunguzi, akatutumia upepo. Tumempa mpaka Ijumaa ahame."

Jedida alikuwa mtu wa huko. Alijua kwamba mzee akishaitwa mchawi, mara nyingi panga hufika kabla ya Ijumaa. Akaanzia kwa mshtakiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kupima uchawi wangu? Hiyo futi yako itatosha?" Akamwonyesha vijiti vilivyotapakaa uani. "Banda langu la kuku limekwenda na upepo uo huo. Mchawi gani huyo, ajirogee kuku wake mwenyewe?"

Paa lenyewe lilikuwa shambani, ndani ya mahindi, mabati bado yamepigiliwa vizuri kwenye boriti. Misumari haikuwa na kosa. Boriti ndizo zilizoachana na ukuta, na kila moja ilining'iniza kipande cha kamba ya makumbi ya nazi iliyokuwa imeifunga ukutani.

Alhamisi watu wakakusanyika.

"Kamba hizo zimeshika paa miaka ishirini!" Ngowa alifoka.

"Zilishika makuti, mwenyekiti. Makuti hupitisha upepo. Bati halipitishi; upepo uliingia chini yake ukalibeba zima. Mlipobadilisha paa, mbona boriti hazikufungwa upya kwa vyuma?"

"Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema kamba ni kamba," alijibu Easter, mweka hazina, bila hata kuulizwa.

Jedida akampa Ngowa kipande kimoja. "Vuta."

Kikakatika kama tambi.

"Na hapo Kazungu amekuroga mikono?" Easter akauliza. Kina mama wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na habari ya kuhama ikafia hapo.

Kazungu hakushukuru.

"Umeniponza, binti," alimnong'oneza Jedida. "Wiki nzima hii nikifika mferejini watu wamekuwa wakinipisha mbele kwa kuniogopa."

Akabeba mtungi wake, akaenda kupanga foleni nyuma ya Easter, ambaye alimwambia asimsukume.