Mama Vumbi na Paa la Darubini

Ukimwita kwa jina lake halisi huenda asigeuke. Pale kwenye kituo cha kutazama nyota, juu ya kilima, kila mtu alimwita Mama Vumbi, kwa kuwa yeye na vumbi walikuwa paka na panya. Miaka kumi na mmoja alifanya usafi katika chumba cha darubini kwa amri moja tu: futa chochote, darubini usiisogeze.

Siku ya jaribio, mtoto wa kaka yake, fundi wa programu, aliketi mbele ya kompyuta jasho likimtoka. Programu yake ndiyo ingeiendesha darubini bila mkono wa mtu: ifungue paa, itafute nyota, na mvua ikija, iilaze darubini kisha ifunge paa. Nyuma yake alisimama mkuu wa kituo.

"Haya, tuone hiyo mvua yako."

Fundi alinyoosha mkono dirishani, akakimwagia maji kihisio cha mvua. Maandishi yakatokea: *Darubini imelala. Paa linafungwa.*

Mama Vumbi, aliyekuwa mlangoni, aliyasoma. Imelala wapi? Asubuhi, paa likiwa wazi, aliilegeza, akaisimamisha kwa mkono ili afute chini yake. Honi ya gari la mkuu ikalia getini, akakimbia kufungua, akaisahau wima. Kompyuta ilikumbuka ilipoilaza jana. Ilipo leo haikujua.

Kwenye chumba cha darubini, hapo pembeni, paa likaanza kunguruma kwenye reli zake. Akinyamaza, darubini itavunjika na lawama ataibeba kijana. Akisema, kazi hana. Alirukia ukutani, akapiga kitufe chekundu cha kuzima mitambo.

Kimya. Paa lilisimama shibiri moja tu kutoka kwenye darubini.

"Shangazi, umeniua!"

"Hujafa. Hiyo darubini ndiyo ingekufa." Alikuwa akihema. "Niliisimamisha mimi, kwa mikono yangu hii."

Mkuu alikwenda kuchungulia, akarudi amekunja uso. "Amri hukuijua?"

"Niliijua, bosi. Lakini vumbi la chini yake lifutwe na malaika?"

Fundi aliinuka. "Kosa ni langu pia. Programu imeamini kumbukumbu bila kuangalia. Ukimfukuza yeye, nifukuze na mimi."

"Acha hotuba. Kihisio cha kuonyesha darubini ilipo hasa, utaweka lini?"

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa tunarudia. Mama Vumbi, barua ya onyo utapata. Kazi unayo. Ukitaka kufuta chini yake, sema kwanza."

"Nitasema, bosi," alijibu, akaokota kitambaa chake. "Na nasema sasa: pale chini yake sijamaliza."